Kimya cha Mji wa Amu: Kipi Tukilinde?

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii nimeikariri tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni, lakini maana yake sikuipata barabara mpaka majuzi, nilipolala Amu usiku mmoja katika nyumba ya jamaa zangu mtaa wa Mkomani, nikaamka kabla ya adhana ya alfajiri. Nilikaa kitandani nikasikiliza. Kwanza sikusikia kitu. Kisha, kidogo kidogo, nikaanza kusikia: mtu anateka maji birikani, viatu vya miti vinagonga sakafu, mzee anakohoa njiani akielekea msikitini, na mbali kule ufukoni jahazi linalialia kwenye kamba zake. Nikajua kuwa mji haukulala. Unanong'ona tu.

Siku iliyotangulia, tulipokuwa katika mashua tukivuka kutoka Mokowe, alikuwamo kijana mmoja mzaliwa wa pwani ambaye maisha yake sasa yako ng'ambo. Alikuwa akiusifu mji kwa sauti kubwa kuliko mtambo wa mashua. "Hii ndiyo pepo ya dunia," alisema. "Hakuna honi, hakuna moshi, hakuna msongamano. Mtu anaweza kusikia moyo wake ukipiga." Mbele yake alikaa bibi mmoja aliyejitanda buibui, kikapu chake cha mboga kiko magotini. Alimwacha amalize, kisha akamwambia kwa upole: "Ni kweli, mwanangu. Kimya ni kizuri kwa anayekuja akaondoka. Mimi ubavuni mwangu pana nyumba tatu, na zote tatu hazina mtu. Hicho nacho ni kimya."

Hakuna aliyejibu. Kijana alitazama maji, nami nikatoa daftari langu. Tangu siku ile maneno ya bibi yule hayajanitoka, na ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Kwa kuwa wanaousifu mji huu kwa utulivu wake, wageni na wenyeji, huchukua namna tatu za kimya wakazitia katika pakacha moja. Ipo ya kulindwa, ipo ya kuepukwa, na ipo ya kuliliwa. Natuzichambue.

KIMYA CHA ADABU

Utulivu wa Amu wa asili haukuja kwa bahati, wala haukutokana na umaskini. Ulijengwa. Atakayepita Usita wa Mui, ile njia kuu iendayo sambamba na pwani, kisha akaingia vichochoro vya ndani, ataona kuwa njia zimepimwa kwa miguu ya binadamu na mzigo wa punda, basi. Punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi nyuma au husubiri penye upana. Mji wa namna hii haukuachia nafasi ya gurudumu. Kwa miaka mingi motokaa iliyojulikana kisiwani ilikuwa ni ile ya Mkuu wa Wilaya, na watoto walikuwa wakienda kuitazama kama watu watazamavyo nyangumi aliyepwelewa.

Nyumba nazo zilijengwa kwa fikira hiyo hiyo. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, za kuzuia joto na sauti pamoja. Mlangoni pana daka lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni hupokewa bila ya kuingia ndani. Ukipita daka, njia hukunja, ili macho ya mpita njia yasifike kwenye kiwanda ambapo wenye nyumba wanapumua hewa na kuona mbingu. Madirisha ya kutazama njiani ni machache. Kwa hivyo yanayosemwa ndani hubaki ndani, na yanayopita nje hupita nje. Stara ya nyumba ikawa ndiyo utulivu wa mtaa.

Na juu ya mawe kuna malezi. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa mapema nasaha za Luqman kwa mwanawe: aende mwendo wa wastani, ainamishe sauti yake, kwani sauti iliyo mbaya kuliko zote ni ya punda. Watoto wa Amu hawakuhitaji tafsiri ya aya ile. Punda alikuwa yuko nje ya dirisha la chuo akiifasiri mwenyewe. Tulicheka, mwalimu akatunyamazisha, lakini somo liliingia. Mtu hapiti mbele ya baraza bila ya kutoa salamu, na salamu haipigiwi makelele. Mkubwa huitwa kwa jina la heshima, ami au mwalimu au bwana fulani. Ugomvi ukizuka, hupelekwa ndani ya mlango ukaamuliwa huko.

Lakini asidhani mtu kuwa kimya hicho kilikuwa cha makaburini. Mji wa adabu una sauti zake, na kila sauti ina wakati wake. Asubuhi ni watoto wa chuo wanaosoma kwa pamoja, kila mmoja sura yake. Mchana ni nyundo na patasi za mafundi wanaochonga milango na makasha. Jioni ni mabaraza. Kisha kuna Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, ambapo mji huu mtulivu hugeuka kuwa bahari ya watu. Msikiti wa Riyadha, uliosimama tangu enzi za Habib Saleh mwanzoni mwa karne ya 20, hujaza wageni kutoka pwani yote na nje yake, matari hulia mpaka usiku wa manane, zefe hupita, punda hushindanishwa na majahazi pia. Hapana mzee aliyelalamika kuwa Maulidi yana kelele. Sauti ile ina mwenyewe, ina siku yake, na ikimalizika mji hurudi kupumzika.

Hiki ndicho kimya cha adabu. Ni kazi inayofanywa na watu wengi kila siku, ingawa hawaiiti kazi.

KIMYA CHA KHOFU

Namna ya pili Amu imeijua katika miaka ambayo hata watoto wa leo wanaikumbuka. Mwezi wa Septemba na wa Oktoba 2011, wageni walishambuliwa na kutekwa nyara Kiwayu na Manda, na mmoja wao akauawa. Mahoteli yakafunga milango. Wavuvi wakakatazwa kuvua usiku kwa sababu ya usalama, na mvuvi anayevua usiku akikatazwa usiku, amekatazwa chakula. Bahari ikawa kimya. Mtu aliyekuwa akizoea kuona taa za madau zikimeta gizani akawa anatazama weusi mtupu.

Kisha ikaja Juni 2014. Mpeketoni na vijiji vya jirani vilishambuliwa, wakauawa watu wasiopungua 60, na mwezi uliofuata Serikali ikatoa amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti nzima. Tangu magharibi hadi asubuhi njia zilikuwa tupu. Fikiri, ndugu msomaji, mji ambao uhai wake wa jioni uko barazani na msikitini, unaambiwa kila mtu akae kwake. Adhana ya isha ililia, lakini nyayo hazikuifuata. Na kama kwamba hayo hayakutosha, mwaka wa 2020 maradhi ya korona yakafunga misikiti na kurudisha amri ya usiku, mara hii kwa nchi nzima.

Aliyepita Amu nyakati zile bila ya kujua angeweza kusema: tazama mji ulivyo mtulivu! Naye angekuwa amekosea kama mtu anayemwona mgonjwa amezimia akadhani amelala. Natija ya jambo hili ni moja. Kukosekana kwa sauti si dalili ya amani. Dalili ya amani ni kwamba mtu anaweza kutoka saa nane za usiku kumwita mkunga, asiogope kitu ila kujikwaa.

KIMYA CHA MAHAME

Sasa naja kwenye namna ya tatu, ile ya bibi wa mashuani.

Mkabala na Amu kuna kisiwa cha Manda, na katika Manda yako magofu ya Takwa. Palikuwa mji wenye ukuta, msikiti wa Ijumaa na nyumba za mawe, uliositawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha watu wakauhama. Inasimuliwa kuwa wengi wao walikwenda Shela, ng'ambo ya mkono wa bahari, na watu wa Shela kwa miaka mingi walirudi Takwa kufanya ziara na kuomba mvua kwenye kaburi lenye nguzo. Ukisimama Takwa leo utapata kimya kisicho na kifani. Ndege tu, na upepo katika mibuyu. Na Pate, mji uliokuwa ukiitetemesha pwani, ulitoweka fahari yake kiasi cha kumfanya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir atunge Al-Inkishafi, akiutazama mji wa wazee wake na kumbi zake zilizobaki kwa popo na wadudu. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa namna mji unavyokufa. Tunayo mifano mlangoni.

Mji haufi kwa siku moja, bali kwa nyumba moja moja. Mzee anafariki, anaacha nyumba kubwa ya mawe na warithi kumi na wawili. Mmoja yuko Mombasa, mmoja Jeddah, mmoja Muscat, wawili Nairobi. Kila mmoja ana fungu lake kisheria, na hapana mwenye uwezo wa kuwanunua wengine. Wakati huo chokaa inabanduka, boriti za mikoko zinaliwa na mchwa, na mafundi wanaojua kazi ya kale ni wachache na wanataka ujira wao, nao ni haki yao. Ndipo anapokuja mgeni, mara nyingi Mzungu, mwenye fedha na macho ya kupenda mambo mazuri. Anatoa bei ambayo hapana mwenyeji anayeweza kuitaja bila ya kumeza mate. Warithi wanauza. Nyumba inatengenezwa vizuri kuliko ilivyokuwa, mlango unapakwa mafuta, zidaka zinajazwa vyungu vya mapambo. Kisha inafungwa. Inafunguliwa wiki chache za Disemba na wiki chache za Agosti, na siku zilizobaki mna mlinzi na paka.

Simlaumu mnunuzi, aliyenunua kwa halali na pengine kuiokoa nyumba isianguke. Simlaumu muuzaji, ambaye hisa yake ilisomesha watoto. Lakini hesabu ni hesabu. Nyumba kumi zikifungwa katika mtaa mmoja, chuo cha mtaa kinakosa watoto, duka la mtaa linakosa wateja, msikiti wa mtaa unakosa safu ya pili. Barazani wanabaki wazee watatu. Mgeni anapita, anaona wazee watatu na paka, anapiga picha na kusema: utulivu ulioje!

Mwaka wa 1986 mji mkongwe ulitangazwa kuwa urithi wa taifa, na mwaka wa 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia, kwa hoja kwamba ndio mji wa Waswahili wa kale uliohifadhika kuliko yote Afrika Mashariki. Ni heshima kubwa na tunashukuru. Lakini heshima hiyo ilitolewa kwa mji unaoishi. Kama lingekuwa jambo la kuta tu, Takwa ingetosha.

PIKIPIKI NA BANDARI

Sasa wengi wataniuliza: mbona husemi juu ya pikipiki? Naam, nasema. Miaka ya karibuni pikipiki zimeingia kisiwani kwa wingi. Hupita ufukoni, hupita njia ya Shela, na baadhi huthubutu kuingia ndani ya mji penye njia zisizowatosha hata punda wawili. Amri za kuzikataza zimetolewa zaidi ya mara moja, nazo zikarudi kama mawimbi. Wazee wana hasira. Mtoto anayecheza mlangoni ana khatari, na masikio yaliyozoea nyayo hayapati raha.

Niliketi na kijana mmoja mwendeshaji pale Mkunguni, mbele ya ngome. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo, ami," nami nikamwitikia marahaba. Nikamuuliza kama haoni kuwa anauharibu mji wa babu zake. Alinitazama kwa muda. "Ami," alisema, "mji huu mnaupenda nyinyi mliokwisha kula. Mimi nilimaliza shule, kazi hakuna. Bahari wanasema ina bandari sasa. Nyumba ya babu imeuzwa. Hii pikipiki ndiyo iliyonizuia nisiende Mombasa. Usiku mtu akishikwa na uchungu huku Wiyoni, wananiita mimi, hawamwiti punda." Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwagizia kahawa.

Ukweli ni kwamba kijana yule ana kosa na ana haki. Kosa lake ni kuitia mashine penye njia isiyoumbwa kwa mashine. Haki yake ni kubaki kwao. Kama tutamfukuza yeye na pikipiki yake kwa pamoja, tutakuwa tumeondoa kelele moja na kuongeza nyumba moja tupu. Namwona punda, ambaye hospitali yake iko mjini tangu mwaka wa 1987, akinicheka: punda ana pa kutibiwa na ana kazi, kijana hana kazi.

Ama bandari ni kubwa kuliko pikipiki. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa rasmi Machi 2012, na gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021 upande wa bara, katika mpango wa magati 32. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu iliamua kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na haki zao za mazingira na utamaduni zilikiukwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa karibu. Mambo mawili haya yanatufundisha kuwa kimya cha Amu si kimya cha mabubu. Watu wa mji mdogo walikwenda mahakamani, wakaeleza, wakasikilizwa. Huo ndio mshindo mkuu wa methali yetu.

TUFANYE NINI?

Mimi si mhandisi wala diwani. Lakini nimetembea miji ya pwani kwa miaka mingi, na yako mambo matatu ninayoyaona.

La kwanza, pikipiki zisiingie ndani ya mji mkongwe, na sheria hiyo ishikwe kweli, siyo wiki moja kabla ya wageni wakubwa kuja. Lakini zipewe vituo nje ya mji na njia zake za Shela na Wiyoni, na pawe na utaratibu wa usiku kwa wagonjwa. Sheria inayomkataza mtu bila ya kumwonyesha pa kwenda huvunjwa na mwenye njaa.

La pili, tukumbuke wakfu. Wazee wetu waliweka wakfu misikiti, visima na mashamba. Kwa nini tusiweke wakfu nyumba? Mwenye nyumba, angali hai na ana akili zake, anaweza kuifanya wakfu kwa kizazi chake, ikaliwe isiuzwe. Nao wenye mali, wa Mombasa na wa Ghuba, badala ya kutujengea kila mwaka msikiti mpya karibu na msikiti wa zamani, wanaweza kununua nyumba moja ya warithi waliogawanyika, wakaikodisha kwa bei nafuu kwa jamaa changa zenye watoto. Thawabu haipungui, na safu ya pili msikitini itarudi.

La tatu, kazi. Bandari ikiwa imekuja, basi vijana wa Amu, Pate, Siyu na Faza wawe wa kwanza kufundishwa kazi zake, na mafundi wa chokaa na wachonga milango wapewe wanafunzi wenye posho. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini atakayerejea lazima akute ngama ingali mzima.

Nilipoondoka Amu nilimkuta tena yule bibi gatini. Alikuwa amekuja kumpokea mjukuu wake, msichana wa miaka saba hivi, anayeletwa kutoka Mombasa kuja kukaa naye na kusoma chuoni. Mtoto alishuka mashuani akipiga kelele za furaha, watu wote wakageuka kutazama. Hapana aliyemnyamazisha. Bibi mwenyewe alikuwa akicheka mpaka ushungi ukateleza, nami nikaingia mashuani nikiwa na beti hii moja, ambayo namzawadia yeye:

Kimya kilicho makini, ni cha watu wakarimu,
Wakaao majirani, wakapeana salamu,
Si kimya cha mahameni, pasipo na mwanadamu,
Mji ni watu fahamu, kuta hazina kauli.